Utando wa Pafu la Kulia

3 Oktoba

Leo nimetolewa maji mgongoni hapa hospitali ya Voi, lita moja na nusu, rangi yake kama chai ya strungi isiyotiwa maziwa. Daktari alidunga sindano, Sista Pauline akashika chupa. Nilimwuliza kama naruhusiwa kwenda nayo nyumbani, maana nimeyabeba mwenyewe miezi miwili. Alicheka, halafu akanivuta kando.

"Baba, tafuta daftari. Kila siku uandike umetembea kutoka wapi mpaka wapi, na umesimama mara ngapi kuvuta pumzi. Huko Nairobi tunakokutuma watakuuliza, na nyinyi wanaume jibu lenu ni 'niko sawa'."

Basi daftari ndilo hili. Lilikuwa la binti yangu Rita alipokuwa darasa la saba. Kurasa za mwanzo ni hesabu za sehemu, na amekosa nyingi, ingawa siku hizi ni mhasibu huko Nairobi. Likipotea, atakayeliokota alirudishe kwa Danson Mwakio, fundi mstaafu, miaka sitini na nne, Kaloleni hapa Voi, nyumba yenye mlango wa kijani.

Kutoka sokoni hadi nyumbani: nimesimama mara tano.

4 Oktoba

Mara nne. Jua kali.

5 Oktoba

Mara nne. Mke wangu Tryphena ameniambia nikisimama kupumua niache kujifanya nasoma mabango. Anasema bango la muuza simiti sasa nalijua kuliko aliyelichora.

9 Oktoba

Mara sita. Maji yanarudi, nayasikia upande wa kulia nikiinama.

Nimempita Titus kwa kinyozi. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Ni mwaka wa tisa sasa. Kwa atakayesoma haya: Titus na mimi tuliezeka mapaa pamoja miaka ishirini na miwili, yeye akiwa juu na mimi chini, au kinyume chake. Kisha siku moja, mbele ya wazee wote wa kanisa, akasema meza takatifu niliyoiunda kwa mikono yangu inayumba. Meza haiyumbi. Sakafu ndiyo mbaya. Mtu akishindwa kutofautisha meza na sakafu baada ya miaka ishirini na miwili ya ufundi, mtamsalimu vipi?

12 Oktoba

Mara sita. Mawingu yamekuja mpaka juu ya mlima, yakatuangalia, yakaondoka.

17 Oktoba

Nairobi, nyumbani kwa Rita. Tumekuja na treni, Tryphena amebeba mihogo ya kuchemsha kana kwamba tunahama.

Hospitalini nilijiaibisha. Aliingia msichana mwembamba, viatu vya raba, kalamu nyuma ya sikio. Nikamwomba aniitie daktari. Akasema, "Nimeshamwita, amefika," akaketi. Ndiye Daktari Wanza, mpasuaji wa vifua. Moyoni nilisema, mikono hii haijawahi kubeba hata ndoo.

Alisoma daftari hili ukurasa kwa ukurasa, pamoja na hesabu za Rita. Kisha akauliza, "Mzee, umewahi kufanya kazi na asbesto?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kuwahi? Mabohari, nyumba za wafanyakazi, madarasa, nimeezeka kwa mabati ya asbesto kutoka Maungu hadi milimani. Watu waliyapenda kwa sababu mvua ikinyesha hayapigi kelele na jua likiwaka nyumba haichomi. Tuliyakata kwa msumeno wa mkono, Titus na mimi, vumbi jeupe likitua kwenye nyusi mpaka tukaonekana mababu. Saa ya chakula tulijikung'uta, tukakalia mabati hayo hayo, tukala. Hakuna aliyetuambia kitu. Marufuku ilikuja baadaye, sisi tukiwa tumeshameza letu.

Daktari hakucheka. Alimgeukia Tryphena. "Na nguo za kazi, nani alikuwa anafua?"

Tryphena akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ulikuwa unazikung'uta kwanza?"

"Kila jioni," akasema. "Nje, upande wa upepo, vumbi lisiingie ndani."

Mimi nilipigwa skeni, nikadungwa sindano ndefu ubavuni kutoa vipande vya kupima. Sikuhisi chochote. Nilikuwa nawaza kwamba Tryphena amepelekwa eksirei chumba cha pili, na kwamba miaka yote ile nilimrudishia nyumbani vumbi kama mtu anayeleta nyama.

18 Oktoba

Eksirei ya Tryphena ni safi. Daktari amesema arudie kila mwaka, lakini ni safi. Leo nimesimama mara moja tu kutoka hospitalini hadi kwa Rita. Si kwamba pumzi imerudi. Nilisahau kuhesabu.

20 Oktoba

Nyumbani. Mara sita.

24 Oktoba

Mara saba. Mvua bado. Mbegu za maharagwe ziko tayari kwenye gunia, na ndugu zangu huko Mwanda, mlimani, wamelima matuta yangu. Wanangoja mbingu, mimi nangoja maabara.

30 Oktoba

Jibu limefika, tumelifuata Nairobi. Ni saratani ya utando unaolizunguka pafu. Inaitwa mesotelioma. Daktari Wanza aliniandikia jina lile kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akasema nyuzi za asbesto huingia na kukaa, na zinaweza kukaa miaka thelathini au arobaini kabla ya kuanza fujo. Kwangu aina yenyewe ni ile iliyo pole kidogo kuliko nyingine. Alisema bila kuzunguka kwamba hakuna anayeweza kuniahidi kupona. Kuna njia za kupambana nayo, kati yake za upasuaji, na tutazizungumza nikirudi tarehe nane.

Tryphena aliuliza swali moja: je, inaambukiza? La. "Basi nitaendelea kulala kitanda kile kile," akasema. Daktari akaangalia dirishani kidogo.

Tukiwa kwenye treni nilitaka kulia, lakini mbele yetu palikuwa na mama mwenye kuku ndani ya kikapu. Kuku alinitazama njia yote hadi Voi. Mtu hawezi kulia akitazamwa hivyo.

1 Novemba

Mara saba. Nimekumbuka kwamba pafu la Titus limekula vumbi lile lile.

2 Novemba

Nimekwenda kwa Titus. Ni nyumba ya tatu kutoka kwangu, nimesimama mara mbili. Alikuwa kibarazani akinoa patasi ambayo haikuhitaji kunolewa.

"Umekuja kuomba msamaha," akasema.

"Nimekuja kukuambia uende eksirei."

"Kwa hiyo msamaha huombi."

"Titus, nina saratani ya utando wa pafu. Imetokana na asbesto. Tulikata wote."

Aliendelea kunoa. Halafu akasema yeye ni mzima, anapanda mlima, hakohoi, na kwamba mimi siku zote nilikuwa nashika msumeno vibaya, nikijipulizia vumbi usoni. Nikamwambia kama ni kushika msumeno, yeye ndiye aliyekata bati la darasa la nne likawa fupi. Tulizozana juu ya bati hilo kama nusu saa. Nilipoinuka pumzi iliniishia nikashika nguzo, na Titus akainuka pia. Hakunigusa. Alisimama tu karibu, mikono imekaa tayari, jinsi alivyokuwa anasimama chini ya ngazi nikiwa juu.

Hakuniahidi kwamba atakwenda.

4 Novemba

Mvua. Imeanza saa kumi alasiri, imenyesha mpaka barabara ya Kaloleni imekuwa mto. Ndugu zangu wamepiga simu kutoka Mwanda wote kwa pamoja, sikusikia neno, ila nimejua wanapanda kesho.

8 Novemba

Nairobi. Naandika yote nisije nikasimulia vibaya.

Daktari Wanza alichora kifua kwenye karatasi. Akasema, "Mzee, wewe ni fundi. Hiki ni chumba. Pafu liko ndani. Ukuta umepakwa plasta laini, na pafu nalo limefunikwa kwa utando wa namna hiyo. Ugonjwa uko kwenye plasta."

Njia ya kwanza ni kutoa kila kitu upande wa kulia: pafu zima, utando wake, kipande cha utando wa moyo na cha kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Siku hizi, akasema, wapasuaji wengi wameiacha, kwa sababu iliwachosha wagonjwa kuliko ilivyouchosha ugonjwa.

Njia ya pili ni kuchuna utando na kuacha pafu. Saa tano, sita kwenye meza. Ni kama kukwangua plasta yote bila kuangusha ukuta.

Njia ya tatu ni ndogo. Tundu moja au mawili ubavuni, kamera, maji yote yanyonywe, kisha unga wa talki unyunyizwe ndani ili pafu ligandane na ukuta wa kifua, maji yakose mahali pa kukaa. Haiondoi saratani. Inaondoa kuzama. Baada yake dawa za mshipa, kila wiki tatu. Pafu likikataa kugandana, nitawekewa mpira mdogo wa kutolea maji nyumbani.

Rita, ambaye alikuwa ameandika maswali kumi na manne, aliuliza kwa nini isifanywe ile inayoondoa zaidi.

"Kwa sababu kuondoa zaidi si lazima kuishi zaidi," akasema daktari. "Kulifanywa utafiti mkubwa Uingereza. Wengine walichunwa utando na kupewa dawa, wengine wakapewa dawa peke yake. Waliochunwa hawakuishi muda mrefu zaidi, na wengi waliumia zaidi."

"Lakini wewe unaijua kuifanya?" nikamwuliza.

"Naijua. Nimeifanya."

"Na bado hunisukumi?"

"Sikusukumi. Kwanza tupime moyo na pumzi, tuone kama mwili unaweza. Halafu uamue."

Nimepuliza kwenye mpira mpaka macho yakatoka. Nimetembea kwenye korido dakika sita, nesi nyuma yangu na saa. Sijui kwa nini, ila nilipotoka nilimwamini kidogo yule msichana wa raba. Fundi anayekuambia kazi fulani anaiweza lakini haifai nyumba yako, huyo hutampata kila siku.

11 Novemba

Maungu, kwa shemeji yangu Kilonzo, kaka yake Tryphena. Aliita mkutano wa familia. Alichinja mbuzi, akapanga viti duara, na mke wake Koki akapika pilau. Rita alikuwa kwenye simu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda.

Kilonzo alizungumza dakika ishirini. Alisema mti uliooza hung'olewa na mizizi, kwamba Mkamba hafanyi kazi nusu, na kwamba njia ya kwanza ndiyo ya mwanaume. Kama Nairobi wanaogopa, tutakwenda India. Rita alitaka njia ya pili. Mzee wa kanisa alisema Mungu ana njia ya nne. Walipiga kura. Mimi nilikuwa nakula. Pilau ilikuwa nzuri sana, na nilijiona kama bwana harusi ambaye mahari yake inajadiliwa na hakuna haja ya yeye kuwepo.

Nikaenda nyuma ya nyumba kujisaidia. Kilonzo anajenga banda jipya la kuku. Paa limeshafika nusu. Chini, kando ya ukuta, kuna rundo la mabati ya kijivu yenye mawimbi mapana, mengine yamevunjika, na juu ya vipande kuku wanachakura. Palikuwa na msumeno na vumbi jeupe chini, na ufagio wa Koki umeegemezwa hapo.

Sikuhitaji kuambiwa. Ningelitambua bati lile nikiwa nimefungwa macho.

Nilirudi nikasimama katikati ya duara. "Shemeji, mabati yale umeyatoa wapi?"

"Ya kuku? Nimepewa bure na vijana waliobomoa nyumba za zamani. Ni imara kuliko haya ya siku hizi. Kaa, tunamalizia."

"Nani ameyakata?"

"Mimi mwenyewe. Koki ananishikia."

"Ndiyo hayo, Kilonzo," nikasema. "Ndiyo yaliyo kwenye kifua changu."

Nilimsikia Rita kwenye simu akiuliza, "Baba amesema nini?" mara mbili. Kilonzo ni mtu mkubwa, sauti yake husikika ng'ambo ya reli. Aliketi polepole, akamtazama Koki, akaitazama mikono yake. Kisha akamwambia mke wake kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Mama, toka hapo upepo unapopeleka vumbi. Njoo uketi huku."

Mkutano ukaisha hapo. Tulifunika rundo kwa turubai, tukalimwagia maji kwanza, nami nikamwonyesha namna ya kuyagusa bila kuyavunja, hatua kumi kutoka kwangu, kwa kupiga makelele ambayo pumzi yangu haikuyamudu. Kuku wamehamishiwa jikoni.

Tukirudi, mji ulipoonekana nilimgeukia Tryphena. Nikamwuliza kwa nini hakupiga kura.

"Nilikuwa nangoja wewe uulizwe," akasema. "Hakuna aliyekuuliza."

"Basi niulize."

"Unataka nini, Baba Rita?"

Nikagundua sijui. Nimekaa mwezi mzima nikihesabu kusimama, na sikuwa nimejiuliza nataka kwenda wapi.

13 Novemba

Mara nane. Maharagwe yameota Mwanda. Nimetumiwa picha.

15 Novemba

Nairobi. Moyo mzuri, pumzi ya kutosha. Daktari Wanza amesema mwili wangu unaweza kuhimili hata ile kubwa ya kuchuna utando. Ajabu ni kwamba habari njema hiyo iliniogopesha. Ningeshindwa mtihani, nisingelazimika kuchagua.

Nilimwuliza angekuwa baba yake angemfanyia ipi.

"Baba yangu ni mbishi," akasema. "Angechagua mwenyewe, halafu anilaumu. Wewe, Mzee Danson, pumzi uliyo nayo unataka kuifanyia nini?"

Wakati huu jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelitafuta siku nne. Nataka kuvuna maharagwe Mwanda Januari, kwa miguu yangu. Nataka kummaliza Titus kwa hoja. Nataka kumsumbua mama huyu hapa miaka yoyote nitakayopewa, nikiwa nimesimama wima, si nikiwa kitandani nimeshonwa kutoka kifuani hadi mgongoni.

Alipiga hesabu. Ile kubwa, miezi mitatu au zaidi kurudi kwenye nguvu, kama kila kitu kikienda vizuri. Ile ndogo, wiki chache.

"Ndogo," nikasema. "Na dawa."

Rita aliinamia maswali yake kumi na manne. Nilidhani atabisha. Akayakunja, akayatia mkobani, akanishika kiwiko. Nimemlea nikidhani ni mtu wa kubishana tu. Kumbe alikuwa anaogopa kwamba mimi sitabishana.

Tryphena alimwuliza daktari kama amekula. Hakuwa amekula. Alipewa muhogo.

21 Novemba

Kesho asubuhi. Nesi ameniandika alama kubwa ya kalamu ubavu wa kulia wasije wakakosea. Nimemwambia sisi kwenye mbao tunapiga alama pande zote mbili, upande wa pili tunaandika SI HAPA. Akaandika.

25 Novemba

Siku tatu sikuandika. Sitadanganya: unga ule unachoma. Homa ilipanda, ubavu ukawa kama umewekewa kaa la moto, na nilisema maneno kwa Kidawida, lugha ya kwetu, ambayo nashukuru nesi, mtu wa Kisumu, hakuyaelewa. Nilikuwa na mpira ubavuni unaoingia kwenye chupa, na kila nikikohoa chupa inatoa mapovu. Usiku wa pili nilijuta. Nilimwambia Tryphena labda Kilonzo alisema kweli, labda ningetoa vyote. Hakunibembeleza. Alinipangusa uso, akasema, "Ukipona homa utasema tena. Ukisema tena nitakusikiliza." Homa ilipopona sikusema tena.

Leo mpira umetolewa. Daktari Wanza amenionyesha eksirei. Pafu limefunguka, limegusa ukuta juu mpaka chini, kama karatasi iliyopigwa gundi ikakubali. Alikuwa ametabasamu peke yake kabla hajajua namtazama. Nilimwomba msamaha kwa siku ile ya kwanza. Akasema wiki hiyo nilikuwa wa nne.

Titus amepiga simu. Miaka tisa. Alisema, "Nimesikia wamekujaza unga."

"Wa talki."

"Vumbi likakuumiza, vumbi likakutibu. Wewe ni mtu wa ajabu." Akakata.

29 Novemba

Nyumbani. Kutoka kitandani hadi mlangoni, mara moja. Mvua kila siku.

3 Desemba

Hadi kwa kinyozi. Mara mbili, na moja kati ya hizo nilikuwa nasoma bango kwa kweli. Limebadilishwa.

5 Desemba

Dawa ya kwanza, Mombasa, maana ni karibu zaidi. Nimekaa saa nne nzima na sindano mkononi. Jirani yangu wa kiti amenifundisha kwamba tangawizi huzuia kichefuchefu.

7 Desemba

Haizuii.

12 Desemba

Titus amekuja na bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza yangu kana kwamba ni samaki aliyeoza. Alikwenda eksirei. Kisha wakampiga skeni. Utando wake una mabaka magumu, dalili kwamba vumbi lilipita, lakini si saratani. Ataangaliwa kila mwaka.

"Usingenisumbua nisingekwenda," akasema.

"Najua."

Alikunywa chai. Alikula mkate wote. Akiwa mlangoni, mgongo umenigeukia, akasema, "Niliweka pima-maji pale kanisani Jumapili. Ni sakafu."

Nilisubiri afike kwake, ndipo nikacheka, na nimecheka bila kukohoa.

18 Desemba

Maungu. Afisa wa mazingira aliitikia barua ya Rita, na leo wamekuja watu wenye kibali kuyaondoa mabati ya Kilonzo. Walivaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi viatuni, barakoa zenye vichujio, wakayanyunyizia maji, wakayashusha moja moja bila kuvunja, wakayafunga kwenye nailoni nzito mara mbili, wakaandika onyo juu. Titus na mimi tuliwekewa viti ng'ambo ya barabara, upande upepo unapotoka.

"Sisi tulikuwa tunafanya kazi hii tukipiga mluzi," Titus akasema.

Afisa alituuliza kama tunakumbuka mapaa mengine tuliyoezeka. Tulitazamana. Tumeandika orodha hadi jua limeshuka: madarasa, maghala, nyumba za walimu, kliniki mbili. Mapaa arobaini na moja. Tuligombana kwenye kila paa, mwaka gani, upande gani ulivuja, na ilipofika bati la darasa la nne afisa alitusihi tuendelee mbele. Alisema orodha kama hii hajawahi kuipata kutoka kwa mtu hai. Hakukusudia vibaya.

Kilonzo alituletea chai mwenyewe. Nilikuwa nimemwona siku zote kama mtu wa kelele. Leo amezunguka nyumba za majirani saba, moja baada ya nyingine, akiwaambia waliopewa mabati yale na vijana wale, na mbele ya kila mlango alianza kwa kusema, "Mimi nilikosea." Wawili wamekubali yaondolewe. Kwa wale watano ataenda tena kesho.

26 Desemba

Dawa ya pili. Krismasi nimeila kwa macho.

31 Desemba

Kanisani, kwa miguu. Mara mbili. Sakafu imekwanguliwa tayari kusawazishwa, Titus anasimamia, nami namkosoa.

16 Januari

Dawa ya tatu imeahirishwa wiki moja, damu imeshuka kidogo. Daktari wa Mombasa amesema nile, nipumzike, nisiinue kitu kizito. Nimemwuliza kama ganda la maharagwe ni zito.

18 Januari

Mwanda. Gari lilituacha barabarani, na kutoka hapo hadi kwenye matuta yangu ni kupanda. Tryphena mbele, Titus nyuma. Nilisimama mara tisa. Hakuna bango huko, kwa hiyo nilisimama nikiangalia bonde la Voi lote chini, jekundu lililogeuka kijani, na reli kama uzi. Mtu hahitaji kisingizio.

Maharagwe yamezaa vizuri. Ndugu zangu waling'oa, mimi niliketi kwenye gunia nikachambua. Shemeji Kilonzo alifika saa sita na Koki, na kuku wawili wa zawadi wamefungwa miguu. Sikuinua kitu. Nilipewa kazi ya kusema yapi ni ya mbegu na yapi ya sufuria, na kila mtu alileta yake niyapitishe kama hakimu. Jioni ubavu uliuma kidogo pale walipotoboa. Niliulaza upande wa moto.

24 Januari

Dawa ya tatu jana. Leo nimezungumza na Daktari Wanza kwa simu, Tryphena amesogeza sikio. Eksirei niliyopigwa Mombasa ameiona. Maji hayajarudi. Ugonjwa upo, haujaondoka na hawezi kuniahidi kwamba utaondoka, ila kwa sasa umetulia. Imebaki dawa moja, halafu skeni ya kuangalia tulipofika. Alitazama kalenda yake, akasema tarehe kumi na nane Machi.

Nikamwambia Machi haiwezekani. Machi ni kupanda, mvua za masika hazingoji mtu, na mwaka huu nimepanga mahindi kwenye matuta mawili ya juu.

Nikasikia kurasa zikifunguliwa.

"Utamaliza kupanda lini?" akauliza.

"Mwisho wa mwezi."

"Basi tarehe mbili Aprili," akasema, na nikamsikia akiandika.